Mlango wa pipa la moshi unavuja kona ya juu: nirekebishe au nianze upya?

NyarUsenge (Kisumu)

Hamjambo wana jamvi. Swali langu ni la mlango tu, lakini naomba mnivumilie kwa urefu, maana hapa Kibuye nimeshauliza watu watatu na kila mmoja ameniambia lake.

Nina pipa la chuma la lita 200 nililolilaza juu ya miguu minne. Lilikuwa la mafuta ya kupikia, na nililichoma kwa kuni mara mbili mpaka rangi yote ikabanduka. Ubavu wa kulia kuna sanduku la moto, wa kushoto kuna bomba la kutolea moshi. Mlango umekatwa kwenye pipa lenyewe, upande wa mbele, sentimita 60 kwa 35, na unafunguka kwenda juu. Nabanika mbuta na ngege wakubwa siku za kazi, na wikendi kuku wa kienyeji wa watu wenye shughuli. Kuni zangu ni mpera na mwembe, sichanganyi na mkaratusi hata siku moja. Nililelewa Usenge na nyanya aliyekuwa akikausha kamongo kwa moshi, na mtu akiniambia samaki wangu ana ladha ya nyumbani kwao, siku hiyo nalala nimefurahi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Fundi aliukata mlango pande zote nne kwa grinda, ukatoka mzima mkononi, ndipo akaanza kutafuta bawaba zikae wapi. Uliporudishwa haukutoshea tena. Chini umelala vizuri, lakini kona ya juu ya kulia imeinuka, kidole changu kidogo kinapita. Moshi unatoka hapo kuliko unavyotoka kwenye bomba.

Asubuhi joto hukaa nyuzi 110 bila shida. Ikifika saa nane mchana upepo wa ziwani ukianza, linashuka hadi 80. Nikiongeza kuni linaruka hadi 150. Juzi kuku wawili wa upande wa kulia waliungua ngozi huku wa kushoto bado wana damu kwenye paja. Nilimrudishia mteja pesa yake.

Jambo la pili, mlango ukifunguka hauna pa kuegemea. Naushika kwa mkono mmoja nikigeuza samaki kwa mwingine. Wiki mbili zilizopita ulinikamata kwenye kiwiko cha mkono na alama bado ipo.

Mshauri wa kwanza alisema niweke mpira kuzunguka mlango. Wa pili, nitupe pipa. Wa tatu, niweke jiwe juu ya ile kona, na kweli jiwe lipo mpaka leo. Mimi nafikiria ile kamba nyeupe inayozungushwa kwenye milango ya oveni za mikate. Je, itaziba? Au tatizo langu ni kubwa kuliko kamba?

KijanaMamboleo

Dada, lowesha gunia ufunike huo mlango wote. Shangazi yangu hufanya hivyo na samaki wanaiva.

FundiLanet (Nakuru)

Pole kwa mkono, dada.

Kosa lilitokea kwenye mpangilio wa kazi, na ni kosa la wengi. Pipa lilianza likiwa bati bapa, likaviringishwa kwa mashine. Ndani ya bati hilo kuna nguvu inayotaka kulinyoosha tena, ila pipa likiwa zima huioni. Ukikata dirisha, kipande kinachotoka hunyooka kidogo na midomo ya tundu nayo hutanuka kidogo. Vitu vilivyokuwa kimoja dakika tano zilizopita sasa vina mviringo tofauti. Ukivirudisha pamoja lazima kona moja isimame.

Mimi nachora mlango kwa chaki, kisha nakata mstari wa juu peke yake, ule wa bawaba, nikiacha kama sentimita tatu kila mwisho bila kukata. Nachomelea bawaba zote mbili pipa likiwa bado limejishika. Kabla ya kuzichomelea nazipitishia ufito mmoja mnyoofu wa chuma, matundu yake yakae kwenye mstari mmoja, maana bawaba zikipishana hata kidogo mlango utajipinda kila unapoufungua. Na kile kifundo cha bawaba kikae nje ya ngozi ya pipa. Ukikizamisha, ukingo wa mlango utasugua. Baada ya hapo ndipo namalizia pande tatu zilizobaki. Mlango wa namna hiyo haujawahi kuondoka mahali pake, kwa hiyo unarudi palepale.

Wako umeshakatwa, lakini pipa usilitupe. Nunua chuma bapa cha upana wa inchi moja, unene milimita 3. Mlango wako una mzunguko wa karibu mita mbili, kwa hiyo mita mbili na nusu zitatosha pamoja na za kupotea. Funga mlango, uukandamize kwa klempu mpaka ulale. Vipande viwili vya pembeni vikunjwe kwa kufuata mviringo wa PIPA, sio wa mlango. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Pipa ndilo lenye umbo sahihi, na mlango ulazimishwe kulifuata. Nusu inchi ilalie mlango, nusu inchi ipite nje ilalie pipa. Hata mlango ukitetereka siku za usoni, moshi utalazimika kupita chini ya ule mdomo wa nusu inchi, na njia nyembamba hivyo hupitisha kidogo sana.

Upande wa bawaba usifanye vile, mlango hautafunguka. Hapo chuma bapa kikae ndani, kichomelewe kwenye pipa, mlango uje ukiegemee.

Tafadhali msimamie fundi kwenye kuchomelea. Bati la pipa lina milimita moja na kidogo tu. Akivuta mstari mrefu wa moto litajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Adonoe nukta moja hapa, nyingine kona ya mbali, asubiri ipoe ushikike kwa mkono, aendelee.

Kuhusu kuegemea: achomelee kipande cha nondo kilichopinda nyuma ya bawaba, mlango ukipita wima kidogo uangukie hapo kwa uzito wake wenyewe. Sasa hivi una kama kilo mbili, na vyuma bapa utafika tatu, kwa hiyo huhitaji kitu cha kuusawazisha. Wanaohitaji ni wale wanaotumia bomba nene la milimita 6, mlango wa ukubwa huohuo unafika kilo kumi. Mpini uwe wa mbao, usimame angalau sentimita tano kutoka kwenye chuma.

Na kwa wengine wanaosoma hapa: pipa lililokuwa na petroli au thina msilikate. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja ya grinda. Mafuta ya kupikia au juisi, sawa, na hata hayo lioshwe na vizibo vyote viwili vitolewe kwanza.

MzeeBoila (Muhoroni)

Binti yangu, fundi wa Nakuru ameeleza mlango vizuri, sina la kumpinga. Lakini mimi nililinda boila za kiwanda cha sukari miaka 22, na mlango wa tanuru ukianza kutema moshi kitu cha kwanza tulichoangalia hakikuwa mlango. Tulipanda kuangalia njia ya moshi.

Umeandika kwamba moshi unatoka kwenye kona kuliko kwenye bomba. Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu. Hewa ya moto hupanda, na bomba likiwa wazi linavuta. Likivuta vizuri, ufa wa mlangoni unanyonya hewa ya nje kuingia, moshi hautoki. Likizibwa, moshi hutafuta tundu lolote, na tundu lako la juu kabisa ni hiyo kona. Umeacha bomba wazi kiasi gani?

Jambo la pili ni kwa nini iwe kona ya kulia. Sanduku la moto liko kulia. Kufunguka kwa bati alikosema fundi kumechangia, lakini nina hakika ndimi za moto zinapiga moja kwa moja ndani ya hiyo kona. Chuma hutanuka kama milimita 1.2 kwa kila mita joto likipanda nyuzi 100. Mlango wa sentimita 60 ukipata moto sawasawa, hautanuki hata milimita moja, na pipa linatanuka nao. Hapo hakuna nafasi ya kupita kidole. Balaa huja kona moja ikiwa moto sana na nyingine vuguvugu. Bati jembamba likitanuka upande mmoja halina pa kwenda ila kuinuka. Hao kuku walioungua kulia na kubaki na damu kushoto wanakwambia habari hiyohiyo.

Weka kinga ndani, kipande cha chuma kinene kisichopungua milimita 3, mbele ya mdomo wa moto, kikiinama kuelekea chini ili joto lipite chini ya wavu kwanza ndipo lipande. Usipoweka kinga, hata huo mlango mpya utainuka kabla ya mwaka.

Kabla ya kutoa pesa, fanya mambo mawili. Fungua bomba lote siku moja uangalie kona. Na usiku pipa likiwa baridi, washa tochi, iweke ndani, funga mlango, zima taa za nje. Mwanga utakuonyesha kila ufa ulipo.

NyarUsenge

Mzee, nimekaa na haya maneno yako jana nzima.

Nakiri: bomba nilikuwa nalifunika robo tatu kwa kopo la mafuta lililokatwa. Niliona moshi unaotoka ni moshi unaopotea, na kuni za mpera si rahisi kupata, kwa hiyo nikataka moshi ukae na samaki. Leo asubuhi nimetoa kopo. Ndani ya muda wa kuchemsha chai, moshi wa kwenye kona umepungua zaidi ya nusu, na ule wa kwenye bomba uliokuwa mweupe mzito kama wa majani mabichi umekuwa mwembamba, una rangi ya bluu kwa mbali. Nimeonja mbuta wa leo. Ule uchungu unaobaki kwenye ulimi, ambao miezi yote hii nimeulaumu kwa maganda ya mwembe, haupo.

Tochi nimeweka. Kona ya kulia inang'aa kama dirisha. Chini kuna mstari mwembamba kama uzi, na sikuujua. Nikachungulia ndani kwa tochi ileile, nikaona bati lililo mkabala na mdomo wa moto limebadilika rangi, limekuwa la kijivu na magamba. Mahali pengine pote ni peusi.

KijanaMamboleo, asante, gunia nililijaribu mwaka jana. Linasaidia mpaka linapokauka, na siku moja liliwaka.

Kamba ya oveni bado inanivuta. Fundi, unaonaje?

MamaKuku_Kakamega

Naomba niingilie kwenye komeo, kwa sababu nyote mmeliruka.

Langu si pipa. Nimejenga kabati la matofali na mlango wa bati wima, kimo cha mtoto wa miaka kumi. Nilianza na komeo moja katikati kama la mlango wa choo. Katikati palibana, juu na chini pakaachia. Niliongeza la pili, nikaweka moja robo kutoka juu, jingine robo kutoka chini, na moshi wa juu ukaisha siku hiyohiyo. Kwa mlango wa sentimita 60 wewe weka mawili, kila moja karibu na pembe ya chini.

Na komeo lisiwe la kuteleza tu. Mwambie fundi achomelee kwenye pipa kipande cha chuma chenye mteremko kama kabari, ulimi wa komeo ukizungushwa ukwee ule mteremko na kuuvuta mlango ndani. Unabana kwa kadiri unavyousukuma. Ukipoa unaachia kidogo, ukipata moto unabana tena.

Halafu tafadhali, hicho chuma bapa kisiwe kile cheupe kinachong'aa, kilichopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na moto wa kuchomelea uko juu mno ya hapo. Mafusho yake humpa fundi homa na baridi usiku kucha, na maziwa ambayo mafundi wetu hunywa hayayazuii. Na sitaki kitu hicho karibu na chakula cha watu. Chukua chuma cheusi cha kawaida.

FundiLanet (Nakuru)

Mama umesema kweli kuhusu kabari, nitaiiba.

Kamba: ile ya nyuzi za kioo inahimili joto lako bila wasiwasi. Ila muuzaji akikuletea kamba ya zamani ya kijivu asiyojua imetengenezwa kwa nini, iache, huenda ni asbesto, na hiyo ni sumu ya mapafu. Mpira usithubutu. Mimi ningeweka vyuma bapa kwanza, kisha kamba juu yake kama bado unataka.

MzeeBoila (Muhoroni)

Mimi kamba siitaki kwenye pipa la nyama. Kwenye boila ilikuwa inagusa mvuke na majivu. Kwako itanyonya mafuta ya kuku, mafuta yatagandana, mlango utashikana kama umepigwa gundi, na siku utakayouvuta kamba itatoka vipande. Kisha itabidi uibadilishe kila baada ya miezi kadhaa. Chuma kulalia chuma kinajiziba chenyewe kwa masizi na mafuta. Mpe mwezi mmoja.

FundiLanet (Nakuru)

Hapo mzee tunatofautiana. Nimeweka kamba kwa wateja wawili wa Naivasha na hawajalalamika. Lakini wao hubanika nyama ya ng'ombe mara moja kwa mwezi, sio samaki kila siku. Kwa kazi ya dada, labda mzee yuko sahihi.

NyarUsenge

Nimerudi na matokeo, ni siku kumi na saba tangu niulize.

Nilitafuta fundi mwingine, kijana mtulivu ambaye nilipomsomea maelezo kutoka kwenye simu hakukasirika. Tulianza na kinga. Tulipata kipande cha milimita 4 kwenye vyuma chakavu, tukakiinamisha kutoka juu ya mdomo wa moto, kikashuka na kuingia ndani ya pipa sentimita 25 chini ya wavu. Mara ya kwanza tulikichomelea kikakaribia mno sakafu ya pipa, na moto ukakosa pumzi, ukawa unarudi nyuma na kutokea kwenye sanduku. Ikabidi akikate na kukipandisha. Sasa kuna nafasi ya kiganja changu kikilala kwa upana wake, na moto unapumua.

Vyuma bapa vilitula mchana wote. Kile cha kulia alichokikunja kwa kufuata mlango alikitoa, akaanza tena kwa kufuata pipa, na nilimwona alipoelewa tofauti, akacheka peke yake. Kupiga nukta na kusubiri kulimchosha, kwa hiyo nilimnunulia chai na mandazi ili asiharakishe. Kona haikulala kabisa. Kulikuwa na mkunjo ambao bati lilishauzoea, tukaupasha moto na kuugonga taratibu kwa nyundo ya mbao ukabaki kama unene wa shilingi. Ule mdomo wa nusu inchi unaufunika.

Makomeo mawili yenye kabari, kama mama wa Kakamega alivyosema. Nondo ya kuegemea ipo. Mikono yangu yote miwili sasa iko huru, na hilo peke yake lingetosha kunilipa gharama yote.

Kamba nilikuwa nimeshanunua mita mbili kabla mzee hajaandika. Imekaa kabatini. Nimeamua kumpa masizi ule mwezi.

Kipimo cha joto nimekihamisha pia. Kilikuwa juu kabisa ya mlango na kilikuwa kinanidanganya. Sasa kiko usawa wa wavu, katikati. Jana kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa kilicheza kati ya 105 na 115, upepo wa ziwani ukaja ukakishusha hadi 98, nikaongeza gogo moja la mpera likarudi. Moja, sio matatu. Kuku wa kulia na wa kushoto nimewachoma kijiti cha kupimia kwenye paja, wote wamepita nyuzi 74, na tofauti ya kuiva ilikuwa dakika kama kumi na tano. Bado wa kulia hutangulia, kwa hiyo nawabadilishia nafasi mara moja katikati ya safari.

Uzi wa mwanga wa chini bado upo nikiweka tochi. Mzee, nimeuacha. Moshi hautoki hapo, hewa ndiyo inaingia, na kwa sasa sioni ukiniharibia.

Jiwe nimelirudisha kwenye ua nilikolitoa. Ero kamano, asanteni nyote. Jumamosi nina kuku kumi na wanne wa harusi ya Nyalenda, na mwenye shughuli ni yule niliyemrudishia pesa.